Mlango Uliotobolewa na Mkokoteni: Mwalimu Rudia Anastaafu

Mlango wa nyuma wa karakana ya vyuma hautazibwa. Mkuu wa chuo alilisema hilo Ijumaa iliyopita mbele ya wafanyakazi wote, akiwa amesimama kantini na kikombe cha chai mkononi, na akaongeza kwamba Jumamosi za wazi zitaendelea baada ya Mwalimu Rudia kuondoka. Mwalimu Rudia mwenyewe, aliyekuwa ameketi meza ya pembeni, hakupiga makofi. Aliuliza kama bawaba ya juu ya mlango huo itabadilishwa, maana imelegea tangu mwezi wa tatu.

Anastaafu Alhamisi, tarehe 31 Julai, baada ya kufundisha ufundi vyuma hapa chuoni kwa miaka thelathini na minne. Hajawahi kuwa mkuu wa idara. Aliombwa mara mbili na mara zote mbili alikataa, kwa maelezo kwamba kwenye vikao hakuna kitu cha kushika mkononi. Tangu Januari, uongozi ulipoanza kupanga kuondoka kwake, swali lililobaki mezani halikuwa nani atafundisha vipindi vyake, kwa kuwa walimu wapo. Swali lilikuwa mlango. Mpango wa kwanza ulikuwa kuuziba kwa matofali siku atakayokabidhi funguo, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni nani atakayewajibika kwa zana za chuo siku ambayo mtaa mzima unaingia ndani. Ili msomaji mgeni aelewe kwa nini mlango mmoja ulijadiliwa muhula mzima, inabidi kurudi nyuma.

Jina la Rudia alipewa na darasa lake la kwanza. Mwanafunzi alipoleta kazi mezani, Mwalimu aliigeuza, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kisha akaisukuma kwa kidole kurudi kwa mwenyewe na neno hilo moja. Wanafunzi walianza kumwita hivyo kwa siri, baadaye kwa sauti. Mwaka mmoja ofisi ililichapisha kwenye mwaliko wa mahafali, na hakuna aliyegundua kosa mpaka wifi yake alipofika getini akiuliza huyo Rudia ni nani na kwa nini amechukua nafasi ya wifi yake.

Karakana ni chumba kirefu chenye paa la bati, kilichoupa mgongo mteremko unaoshuka kutoka soko la jumla. Zamani upande huo wa barabara ulikuwa ukuta mtupu. Nje ya ukuta, mafundi wa kuchomelea walitengeneza mageti na vitanda chini ya maturubai. Ndani, wanafunzi walikata vyuma vilevile, wakavichomelea vilevile, na baada ya mtihani wakavitupa kwenye pipa la chakavu. Pande mbili zilisikilizana nyundo kila siku bila kujuana sura.

Kilichozikutanisha ni mkokoteni wa saruji. Asubuhi moja ya mvua, miaka kumi na tisa iliyopita, mzigo ulimshinda mwenyewe katikati ya mteremko. Mwenyewe ni yule tunayemjua sote kwa jina la Kamanda, mwenyekiti wa wasukuma mikokoteni wa sokoni. Aliuachia alipoona hana la kufanya, akaangukia mferejini na kuvunjika mguu. Mkokoteni uliendelea peke yake, ukatoboa ukuta wa karakana na kusimama juu ya meza ya darasa la mwaka wa pili. Darasa lilikuwa kwenye chai. Mwalimu Rudia, ambaye hakuwa kwenye chai, alitoka na vumbi la saruji kichwani, akalitazama tundu, akautazama mkokoteni, akauliza breki yake iko wapi. Jibu lilitoka mferejini: "Breki ni mimi, Mwalimu, na nimevunjika."

Uongozi wa wakati huo ulitaka kujenga upya ukuta. Yeye aliomba tundu linyooshwe pembe tu, litiwe fremu. Mafundi wa nje walitengeneza mlango wenyewe, kwa chuma chao, kwa sababu walitaka kuona kilichomo ndani. Kibali kilisema ni kwa muda. Muda huo haujaisha mpaka leo.

Muhula uliofuata darasa lake lilitengeneza breki ya mkokoteni. Ilikuwa kazi safi: mpini mfupi kwenye upau wa mbele, waya hadi kwenye magurudumu, mipira ya tairi kuukuu ya kushika rimu. Kwenye sakafu ya karakana ilisimamisha mkokoteni mtupu mahali popote ulipoambiwa usimame. Kamanda alikuja na gongo lake kuishuhudia ikijaribiwa barabarani na mwenzake, ikiwa na mzigo kamili. Haikufika mbali. Anayeshusha mkokoteni uliojaa huwa mbele yake, mgongo ameuegemeza kwenye upau, mikono yote miwili imeshika, visigino vinakwaruza lami. Kuukamata ule mpini ilibidi aachie mkono mmoja, na akiachia mkono mmoja mkokoteni unapinda. Ulipinda, ukasimama kwenye nguzo ya umeme. Kamanda alisubiri watu wamalize kupiga kelele, kisha akasema, "Breki ni nzuri sana, Mwalimu. Sasa nitengenezee na mkono wa tatu."

Walicheka wote, na Mwalimu akacheka nao. Halafu akamwomba yule mwenzake Kamanda ashuke tena polepole bila mzigo, akitembea pembeni yake na kumuuliza kila hatua uzito uko wapi. Walipofika chini na kurudi juu, aliifungua ile breki, akaitundika kwenye msumari ukutani na kuifunga kibandiko cha karatasi ngumu: imetengenezwa na nani, imekufa wapi, imekufa kwa nini. Jina la kwanza kwenye mstari wa watengenezaji lilikuwa lake. Kuna mchomeleaji alipita akaandika kwa chaki juu ya msumari: MAREHEMU. Ukuta huo unaitwa hivyo hadi leo, Ukuta wa Marehemu, na sasa umejaa kutoka mlangoni hadi kwenye kabati la zana.

Jumamosi ya wiki iliyofuata mlango ulikuwa wazi, na mchoro wa breki ulikuwa umebandikwa mahali ambapo mpita njia angeweza kuusoma bila kuingia. Sheria alizoweka hazijabadilika. Mtu yeyote anaweza kuchukua mchoro wowote, akaunakili, akaubadilisha, akauza alichotengeneza. Kikivunjika anakirudisha na kueleza. Ndiyo maana anayeingia kwa mlango ule haulizwi ana shida gani. Anaulizwa, "Umevunja nini?"

Breki inayotumika leo haikubuniwa na mtu mmoja, na Mwalimu Rudia husahihisha haraka yeyote anayemwita mbunifu wake. Mshonaji wa mtaa wa pili alikuwa amekuja na kanyagio la cherehani, akachoka kusubiri zamu huku wanaume wakibishana mkono upi uachie. Aliuliza kwa nini wanahangaika na mikono wakati mwili mzima umeshaegemea upau. "Anaegemea hapo. Si hapohapo pafunge?" Mchomeleaji mmoja aliutia upau bawaba ili uweze kurudi nyuma kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliona waya unarefuka baada ya wiki chache, akaubadilisha kwa nondo nyembamba. Siku hizi mkokoteni unapomsukuma mwenyewe kutoka nyuma, upau unabana, nondo zinavuta, mipira inashika magurudumu. Unajifunga wenyewe. Kila hatua kati ya hizo ina marehemu wake ukutani.

Isije ikaeleweka kwamba makosa yalitoka ndani ya karakana tu. Kwa wasukuma mikokoteni, gari linalolia ni aibu. Anayejiheshimu huutia mkokoteni wake grisi hadi uteleze kimya kama paka. Breki mpya zilikuwa zikilia, kwii, mteremko mzima, na vijana wa Kamanda waliona haya mbele ya wateja. Walifanya walichojua kufanya. Walizitia grisi. Mikokoteni miwili ilishuka siku hiyo kwa ukimya wa kupendeza hadi kwenye kibanda cha nyanya. Jumamosi mwenye kibanda alipanga foleni na ndoo ya nyanya zilizopondeka, na alipoulizwa amevunja nini, mtaa ulimsikia: "Mimi sijavunja kitu! Nimevunjiwa!"

Mipira yenye grisi ilitundikwa, majina ya vijana wawili yakiwa wazi kwenye kibandiko, na Kamanda ndiye aliyeyaandika. Mlio uliachwa. Leo watu wa barabara ile wanapousikia husogea pembeni bila kugeuka, na mama wa nyanya anasema usingizi wa mchana hauji vizuri siku ambayo mikokoteni haipiti.

Kwa wanafunzi, mabadiliko yalikuja kwa njia ya mtihani. Zamani mwaka wa kwanza ulianza kwa kupiga tupa kipande cha chuma hadi kiwe mraba kamili, ambacho hakuna aliyekihitaji. Sasa mwanafunzi huanza kwa kuchagua marehemu mmoja ukutani. Anaeleza wenzake kilichomuua, anamtafuta aliyekuwa akimtumia, anatengeneza kingine na kukipeleka kazini kwa mtu huyo. Alama hutolewa kinaporudi. Kijana mmoja alipewa alama za chini kwa bawaba iliyong'aa kama kioo, kwa sababu mchuuzi aliyepewa aliona ni nzuri mno kufungwa kwenye sanduku la samaki, akaiweka sebuleni. Kijana alilalamika hadi ofisi ya taaluma. Mwalimu alimtetea kuhusu ufundi wake, akakataa kubadilisha alama.

Na yeye mwenyewe hakusamehewa. Miaka michache iliyopita muuza maji wa mji wa mchangani alishuka kwenye basi na gunia begani. Ndani yake ilikuwamo breki yetu, iliyonakiliwa kutoka kwenye picha ya mchoro aliyotumiwa na binamu yake. Kwao mchanga ulikuwa ukiingia kati ya mpira na rimu, ukaukwangua mpira ukaisha. Alikuwa amejaribu mti mgumu mahali pa mpira, akafanikiwa, akaja kueleza kwa sababu sheria ilisema arudishe. Mwalimu Rudia alikaa naye benchi moja akichora kile kiatu cha mti, na mgeni akimshika mkono kila alipokosea pembe. Mara ya tatu mgeni, ambaye hakujua lolote kuhusu jina la mwenyeji wake, alisema kwa upole, "Rudia, mama." Karakana nzima ilisimamisha kazi. Yeye alifuta, akarudia.

Kampuni ya kutengeneza mikokoteni nayo ilikuja. Ilitaka mchoro uwe wake peke yake, na badala yake ingekipa chuo mashine mpya ya kukereza vyuma. Mkuu wa chuo wa wakati huo alikuwa tayari kuzungumza, na haikuwa tamaa. Mashine yetu ni ya zamani kuliko wanafunzi wanaoitumia. Mwalimu hakutoa hotuba. Alimpeleka mhandisi wa kampuni mbele ya Ukuta wa Marehemu na kumwomba amwonyeshe, kati ya watu waliotajwa kwenye vibandiko, nani atie sahihi. Mhandisi alisoma kwa muda mrefu. Aliporudi ofisini alisema hajui pa kuanzia.

Mashine mpya hatukuipata. Iliyopo bado inatetemesha madirisha. Lakini kampuni hiyo iliuchukua mchoro kama anavyouchukua mtu yeyote, inauza mikokoteni yenye breki ile, na kila mwaka mhandisi yuleyule hupanga foleni Jumamosi na mfuko wa bawaba zilizopasuka. Mwaka jana alikuwa nyuma ya mtoto mwenye baiskeli. Alisubiri.

Nyumbani, Mwalimu ni mke wa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa na mama wa mabinti watatu, ambao hakuna hata mmoja aliyesomea vyuma. Shemeji yetu anasema sababu inajulikana: bomba la jikoni limekuwa likivuja tangu kitinda mimba akiwa shule ya msingi, na wasichana wamekua wakiona mwenye fani hana muda na la kwake. Aliombwa neno kwa ajili ya jarida hili, akasema: "Mwambieni karibu nyumbani. Na mwambieni huku milango inafungwa Jumamosi, watu wapumzike."

Turudi kwenye mlango. Uongozi ulipomtaka amtaje mrithi wa Jumamosi, Mwalimu alikataa, na kwa mara ya kwanza baadhi yetu tulimwona mkaidi bila sababu. Alisema akimtaja mtu, mtaa utamsubiri mtu huyo, na siku atakayougua mlango utafungwa. Mkuu wa chuo alimpa muhula mmoja. Jumamosi ziende bila yeye kuanzia Mei. Zana zikipotea au mtu akiumia, matofali yanaletwa.

Alitii kwa namna yake. Kila Jumamosi alikaa kantini, ng'ambo ya uwanja, kwenye kiti kinachotazama karakana, akiagiza chai ambayo hakuinywa. Mhudumu wa kantini anasema wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kuzitazama. Mshonaji, ambaye siku hizi nywele zake zimeanza mvi, alijiweka mlangoni bila kuambiwa na mtu. Wanafunzi walichora kivuli cha kila zana kwenye ubao ilipotundikwa, ili kinachokosekana kionekane kutoka mbali. Mwezi Juni mambo yalielekea kuharibika: mvua ilimiminika, foleni yote ikaingia ndani kwa pamoja, mchomeleaji na wanafunzi wawili wakagombea jiliwa moja la kubania chuma, na katika kusukumana mashine kubwa ya kutoboa chuma ikaangushwa ikavunjika shingo. Kelele zilifika kantini. Mwalimu Rudia alisimama. Mhudumu anasema alifika hadi kwenye ngazi, mvua ikimpiga miguuni, akakaa hapohapo kwenye ngazi.

Ndani, kwa maelezo ya waliokuwapo, foleni nzima iliizunguka mashine. Mashine ile ni ya chuo, na kila mmoja alijua muhula ule ulikuwa wa nini. Ingewezekana kuirudisha mahali pake na kunyamaza hadi Jumatatu. Mchomeleaji ndiye aliyeiinamia. Aliandika kibandiko, akaanza na jina lake, akampa kalamu mwanafunzi wa kwanza, naye akampa wa pili. Kisha wakaikokota hadi kwenye Ukuta wa Marehemu na kuisimamisha chini, kwa kuwa hakuna msumari ambao ungeibeba. Wiki mbili baadaye ilikuwa inafanya kazi, na shingo mpya ni nene kuliko ya awali.

Mkuu wa chuo aliambiwa siku hiyohiyo, na wao wenyewe. Jumamosi iliyofuata alikuja kwa mlango wa barabarani, amevaa shati la nyumbani, bila kumwarifu mtu. Mshonaji, ambaye hakumjua, alimuuliza amevunja nini. Alijibu kwamba hajavunja kitu. "Basi usisimame tu hapo njiani, baba. Shika ncha hii." Alishika bomba la chuma hadi mwenye nalo alipomaliza kulikata. Alipotaka kuondoka aliambiwa ashike na la pili. Mkuu alisimulia haya mwenyewe Ijumaa, kabla ya kutangaza uamuzi, na alisema hajawahi kuona mahali palipo na wenye mali wengi kiasi hicho na hakuna aliyejifanya mwenye nyumba.

Ukipita leo mteremko ule, utasikia kwii kutoka juu sokoni hadi chini kwenye kituo. Tangu breki zianze kufungwa, Kamanda hajapeleka kijana wake yeyote hospitali kwa ajili ya mteremko. Yeye mwenyewe bado anachechemea, na anasema mguu ule ndio mchango wake kwenye mchoro.

Mwalimu Rudia, asante kwa kila kazi uliyoturudishia mezani. Asante zaidi kwa breki ile ya kwanza, iliyotundikwa ikiwa na jina lako mbele, kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyeona taabu kuandika lake. Tunakuombea afya, mikono isiyotetemeka, na mume mwenye subira. Ukivunja kitu, mlango unaujua.

Hafla ya kumuaga ni Alhamisi saa nane mchana, ndani ya karakana. Viti vitatoka kantini. Jumamosi, tarehe 2 Agosti, mlango utafunguliwa saa tatu asubuhi na atakayewahi kufika, ufunguo ukiwa kwenye kibanda cha mlinzi. Mwalimu amesema atakuja na bomba lake la jikoni, na akauliza kama anaweza kuhudumiwa mapema kidogo. Mshonaji amemjibu kwamba foleni ni foleni.